Mtihani wa Basma

Bi Hind aliingia darasani Kikwajuni mbiombio, hata kiatu kavua kimoja tu. "Mwalimu Salhiya! Mwalimu mkuu kasema mtihani! Basma mtihani, Alhamisi mwisho wa mwezi!"

Salhiya akaruka naye kwa furaha. Alikuwa akifundisha darasa la familia za wakimbizi, mzazi na mwanawe benchi moja, na kwa miezi minane hajaona hata mtoto mmoja akipokelewa skuli. Bi Hind alikimbia vita Yemen na binti yake wa miaka kumi na miwili. Cheti cha kuzaliwa kilibaki kwenye nyumba isiyokuwepo tena. Skuli tatu zilishawarudisha kwa ajili ya karatasi hiyo. Sasa ya nne inatoa mtihani! Nani angeuliza mara mbili? Salhiya ndiye aliyepaswa kuuliza, na hilo halimtoki moyoni mpaka leo.

Wiki mbili walimnoa Basma: hesabu za sehemu, ngeli, mito ya Afrika. Mama akamshonea mtandio mweupe kutokana na shuka, akamchongea penseli mbili. Msichana alisahau hata kula, mpaka akaripiwe.

Alhamisi asubuhi wakaenda wote watatu.

"Shikamoo, mwalimu," alisema Salhiya. "Tumekuja kwa ule mtihani."

"Marahaba. Mtihani gani?" Mwalimu mkuu alivua miwani. Alikuwa mzee mpole, na upole wake ndio uliowaponza.

"Wewe sema," Bi Hind alidakia, bado anacheka. "Mimi sema, cheti hakuna. Wewe shika kichwa, sema, mtihani huu, bibi. Mimi uliza, lini? Wewe sema, njoo Alhamisi mwisho wa mwezi."

Hapo ndipo Salhiya alipoelewa. Aliisikia pumzi aliyoishusha mzee siku ile, kana kwamba alikuwepo. Mtihani huu, yaani balaa hili, yaani sina la kukusaidia. Mama yake Salhiya husema hivyo wali ukiungua, na majirani husema hivyo pakitokea msiba. Na yeye, mwalimu mzima, alilifundisha neno hilo ubaoni kwa maana moja tu, baina ya daftari na rula.

"Nlisema vile kwa masikitiko tu," mzee alinong'ona. "Na Alhamisi nliitaja ili aondoke kwa uzuri. Bila ya cheti siwezi kumwandikisha, mwanangu. Nshajaribu kwa wengine, nkakataliwa."

Basma alielewa kabla ya mama yake. Watoto hushika lugha upesi, na siku ile Salhiya aliuchukia wepesi huo. Msichana akazirudisha penseli mkobani, moja moja. Bi Hind alikuwa bado anatabasamu, akimtazama huyu na yule.

"Kafeli?" aliuliza mwishowe. "Bado hajaandika."

Basma akamshika mama yake mkono, wakatoka.

Jumamosi Bi Hind alikuja darasani peke yake, akaketi kwenye benchi lao. Mezani palikuwa na fomu ya programu inayoendesha darasa, ikitaka kujua kama mzazi ameanza kuzungumza kama wenyeji.

"Habari za nyumbani, Bi Hind? Basma hajambo?"

Bi Hind akashika kichwa. Akavuta pumzi, akaishusha.

"Mtihani, mwalimu," alisema, na safari hii alilitamka kama mzaliwa wa Kikwajuni.