Kishikwambi cha Ishimwe

Sanduku la karatasi lilikuwa juu ya meza kwenye uwanja wa shule, na tayari lilikuwa na vishikwambi viwili ndani. Havikuwaka, basi vimekwenda. Bwana Mfaume, mkaguzi kutoka wilayani, hakuwa mtu wa kubembelezwa. Alishasema tangu asubuhi, kwa sauti ya kutosha Ulyankulu nzima: kila mwanafunzi amepewa kifaa chake, na atakayekiharibu kwa uzembe ananyang'anywa, anapewa anayejua kutunza.

Nibizi alikuwa kwenye benchi la wazazi, roho juu. Binti yake Ishimwe, wa darasa la tano, alikuwa wa nne kwenye foleni. Ishimwe haoni vizuri mbali. Miaka minne alinakili ubao kwa kubahatisha na kuitwa mjinga. Kilipokuja kishikwambi akawa anazikuza herufi kwa vidole viwili, na muhula ule akatoka wa hamsini na mbili akawa wa tisa. Wa tisa! Nibizi alitangaza habari hiyo kanisani, kisimani, na kwa watu ambao hata hawakuuliza.

"Hiki kina matatizo," alisema Mwalimu Raymundi, anayechaji vifaa hivyo shuleni kwa umeme wa sola. "Tangu Jumatatu waya hauingii. Tundu la chaji limeharibika."

"Umekifanya nini?" mkaguzi alimuuliza mtoto.

"Kilianguka," alisema Ishimwe, macho chini.

Nibizi alijua si kweli. Hakikuanguka. Siku ya kugawa vifaa, mwalimu aliwaambia wazazi kwamba havitaki vumbi, maji wala wadudu, na Nibizi, mfuga nyuki tangu usichana wake, alijua dawa ya wadudu. Ndoo ya asali yenye ufa huzibwa kwa nta. Mzinga wenye tundu huzibwa kwa nta. Jumapili baada ya misa aliona sisimizi wakikizunguka kishikwambi, akayeyusha nta nyeusi kidogo, akaziba kila tundu, akalainisha kwa kidole gumba mpaka pasijulikane kama palikuwa na tundu. Kazi safi, alijisifu. Hakuwahi kuona kifaa hicho kikichajiwa. Alidhani kioo kinakunywa jua, kama taa yake ya nyumbani.

"Uzembe wa mwanafunzi," alisema Bwana Mfaume huku akiandika.

Jamani, aibu ina uzito. Mbele ya wazazi wote hao, aseme ameziba kifaa cha serikali kama mzinga! Angenyamaza, mtoto angebeba lawama na yeye angerudi nyumbani na heshima yake. Na Ishimwe angerudi kubahatisha. Nibizi alijikuta amesimama.

"Samahani, mkaguzi, futa hapo. Andika uzembe wa mzazi. Nimekiziba mimi, kwa nta."

Mtu mmoja akacheka, kisha uwanja mzima. Mkaguzi hakucheka. "Mama, mimi naangalia kama kinawaka. Foleni ikiisha, naondoka."

Kwenye foleni walibaki kumi na wanane. Nibizi alichomoa pini kwenye kilemba chake, akakaa juani, akaanza kuchokonoa. Jua liliilegeza nta, ikawa inatoka nyuzi nyuzi.

"Taratibu, utavunja vichuma vya ndani," alisema Mwalimu Raymundi, waya wa chaji mkononi.

Kumi na wawili. Sita. Waya uliingia nusu ukagoma. Nibizi alifuta kwa ncha ya kitenge, akapuliza, akachokonoa tena. Wawili. Waya ukaingia.

Mkaguzi alifunga daftari. Kioo bado cheusi.

"Subiri kidogo, baba, nakuomba. Huyu mtoto haoni ubao."

Bwana Mfaume alitazama saa, akamtazama Ishimwe, akabaki amesimama. Zilipita dakika tatu hivi, ndefu kuliko misa. Kisha kioo kikawaka. Alifungua daftari, akafuta, akampa mtoto kifaa chake.

Nibizi alimvuta binti yake kando. "Ulijua ni nta?"

"Nilikuona ukiziba. Nilijaribu kuitoa kwa mwiba, nikaogopa kukivunja."

"Sasa kwa nini ulisema kimeanguka?"

Ishimwe alitazama benchi la wazazi, ambao bado walikuwa wanajifuta machozi ya kicheko.

"Wangekucheka, mama."

Nibizi alikaa chini palepale akalia kwa sauti, na benchi zima likanyamaza.