Yai Kwenye Kope

Shule nimeisoma vipande vipande: darasa huku, fundi kule, kitabu kilichokosa kurasa za mwanzo. Kwa hiyo jambo hili nalieleza kama nilivyolielewa mimi.

Dada yangu mdogo hutotolesha vifaranga. Watu humletea mayai, yeye huwarudishia vifaranga. Chumba chake kiko nyuma ya chuo cha ufundi, na kiangulio nilimtengenezea mimi: sanduku la mbao refu kama kabati, taa za joto, feni, na kompyuta kuukuu ya Linux isiyo na skrini wala kibodi. Kazi ya kompyuta ni moja, kusoma joto na kuwasha au kuzima taa. Nikaibandikia karatasi, USIGUSE, kisha nikaondoka. Miguu yangu haijawahi kukaa mji mmoja miaka miwili.

Mtandao wake unatoka chuoni, na chuo kina ukuta wa moto. Usifikirie matofali. Ni bawabu: anayetoka haulizwi, anayeingia anarudishwa. Mimi niliye nje nikibisha mpaka vidole vitoke damu, sifunguliwi. Ndipo nikaifundisha kompyuta ya dada itoke yenyewe. Kila dakika mbili huita kompyuta nyingine niliyoiweka mbali, ikipata jibu inaiacha njia wazi, na mimi narudi ndani kwa njia hiyo hiyo. Fundi mtandao wa chuo nilimwambia. Akasema, "Poa, mzee, mradi usinipigie simu."

Miaka mitatu nimeingia kwa dada namna hiyo, kutoka miji asiyojua hata iko upande gani.

Awamu iliyopita umeme ulikatika siku nzima, akatupa mayai yote. Safari hii alikuwa na mia nne, na wenyewe walimpa kwa shingo upande. Yakiharibika na haya, hakuna atakayemletea tena hata yai moja. Alinipigia siku ya kumi na saba, kati ya ishirini na moja ambazo mayai hukaa humo.

"Kaka, njoo tu uwepo yakitotoa."

"Mbona nayaona kutoka huku?"

"Unaona namba," akasema, akakata simu.

Siku ya kumi na tisa, saa saba mchana, nilikuwa chumbani kwangu juu ya gereji. Siku mbili nzima nilikuwa nimeinama ndani ya friji la bucha, kiuno kinawaka, macho kama yamepakwa mchanga. Nikakumbuka kwamba siku za mwisho joto la kiangulio hupunguzwa kidogo. Ilipasa nifanye hivyo jana yake. Nikafungua laptopu, nikaingia, nikaisimamisha ile programu ya joto ili nibadilishe namba. Taa wakati huo zilikuwa zinawaka.

Hapo nikaona kitu kingine. Wanachuo, walioko upande ule ule wa ukuta, walikuwa wanabahatisha nywila ya kompyuta ya dada. Mamia ya majaribio. Watoto wa watu, hawana mitihani? Nikasema ngoja niwafungie hawa kwanza, dakika moja tu, ndipo nirudi kwenye joto.

Sisi tunaofanya kazi hii kwa mbali tuna mwiko mmoja. Kabla hujagusa sheria za mlango wa kompyuta iliyo mbali, unaiagiza kwanza: baada ya dakika kumi, kama sijakwambia niko salama, futa nilichofanya. Mwiko huo nimewafundisha wengine, na mmoja nilimfokea mbele ya mkewe kwa kuuvunja. Siku hiyo sikuagiza kitu. Nilikuwa nimechoka, na uchovu huwa unasema, "Mara moja tu."

Nikaandika amri: usipokee chochote kutoka kwa yeyote. Nikabonyeza.

Skrini ikaganda.

Nilielewa papo hapo. Yeyote ni pamoja na mimi. Nimekata tawi nililokalia. Kompyuta ya dada ilikuwa bado inatoka kuita kila dakika mbili, lakini jibu likirudi inaziba masikio. Na taa zinawaka, hakuna wa kuzizima, juu ya mayai mia nne yaliyobakiza siku mbili.

Nikampigia dada. Haikupokelewa. Nikapiga tena, mara ya tatu, ya nne. Nilihesabu kichwani joto linavyopanda ndani ya sanduku lile, kwa kuwa mbao zake nilizipima mimi. Ya tano akapokea.

"Una nini, kaka? Mikono yangu imejaa."

"Fungua kiangulio! Zima..."

"Nimeshafungua. Taa nimezizima ukutani. Nayapepea kwa trei hapa kama bibi harusi aliyezimia."

"Umejuaje?"

"Nimeliweka yai kwenye kope. Linachoma."

"Kope gani?"

"Ya jicho, kaka, kwani nina nyingine? Kila saa naweka. Wewe una kompyuta, mimi nina kope."

Miaka mitatu, na sikuwa najua.

"Umeme umefanya nini tena?" akauliza.

Ningeweza kusema umeme. Ningeweza kusema chuo, wanachuo, bawabu. Nilifungua mdomo niseme, kisha nikaona hata uongo unataka nguvu.

"Ni mimi. Nimejifungia nje."

"Kutoka huko uliko?"

"Kutoka huku."

Alicheka, kicheko cha mtu aliyekesha. "Wenzako husahau ufunguo ndani. Wewe umefunga mlango wangu ukiwa mji mwingine."

"Ng'oa waya wa umeme wa kompyuta, hesabu mpaka kumi, rudisha. Nilichofanya sikukihifadhi. Ikiwaka upya itakuwa imesahau."

"Karatasi inasema nisiguse."

"Karatasi niliandika mimi, dada."

"Ndiyo maana nakuuliza."

"Gusa."

Nikasikia simu ikiwekwa chini, trei zikigongana, yeye akihesabu kwa sauti. Akawasha na swichi ya taa pale ukutani. Dakika ya tatu, kwenye skrini yangu, ule mstari ukatokea: kompyuta ya dada imeita, njia iko wazi. Programu ya joto nayo huwa inaamka yenyewe.

"Imerudi," nikasema. "Naingia niangalie."

"Usiingie."

"Dada, niangalie tu namba."

"Nimesema usiingie." Hakupaza sauti. "Nimechoka kuangaliwa kwa mbali. Ukitaka kuangalia, mlango uko upande wa barabara. Unasukuma."

Akakata. Mstari ule ulibaki pale unaningoja. Niliutazama kitambo, nikafunga laptopu, nikaanza kutafuta soksi.

Safari ni ya siku moja na nusu. Nilifika asubuhi ya siku ya ishirini na moja, nikasukuma mlango. Chumba kilinuka vumbi la mayai na mbao za moto. Dada alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, macho mekundu, amezeeka kuliko sauti yake. Hakuinuka. Trei ya juu kabisa, iliyo karibu na taa, ilikuwa kimya. Za chini zilikuwa zinalia.

"Yale ya juu ni ya yule mama anayekaa pale kona," akasema. "Utamwambia wewe."

"Nitamwambia."

Akachukua yai moja trei ya chini, lenye ufa mdogo, akanipa. "Weka."

Nikafumba jicho, nikaliweka.

"Ehe?"

"Kama thelathini na saba na..."

"Namba nimekuuliza? Linachoma, halichomi?"

Nikatulia. Kitu kikanigonga kwenye kope, kutoka ndani.

"Halichomi," nikasema.

"Basi. Ndoo nyingine ile pale. Kaa."