Mgeni Mwenye Homa

Ukialikwa na Bi Mwanapili huna udhuru. Hivyo ndivyo walivyosema wanawake wa Malindi ya Unguja, Funguni na Kiponda, na walisema kweli. Kadi ya mwaliko mtu huitia mkobani akaisahau. Bi Mwanapili alikuja mwenyewe, kwa miguu yake, na akikukuta unapara samaki alingoja mpaka unawe mikono. Hapo ndipo alipokutazama usoni na kusema, "Bi fulani anakusalimu, na anakualika." Kwa miaka ishirini na mbili alitumwa hivyo, kwa harusi, kwa khitma, kwa maziko. Kinywa chake kilikuwa dhamana ya mtaa mzima, naye alilijua hilo, wala hakulificha sana.

Kisha yakaja maradhi ya korona. Harusi zikawa za watu wanane na imamu, khitma zikasomwa kila mtu kwake, na Bi Mwanapili akabaki barazani akichambua mchele usiokuwa na mawe. Alikonda, si kwa njaa. Mtu aliyezoea kungojewa akikosa wa kumngoja, hata chakula humgomea.

Mwaka wa pili wa maradhi, siku ya Jumanne, alifika Haroub, kijana wa mradi mmoja wa afya, shati limepigwa pasi, barakoa ya buluu imemshuka kidevuni. Alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akasema haja yake.

"Jumamosi tuna Siku ya Afya, uwanja wa skuli. Ni kwa ajili ya wakimbizi, hawa wa Msumbiji waliokuja kwa vita. Wamo majumbani humu humu, wamejibanza. Gari la spika limepita siku tatu, hajatoka hata mmoja."

"Mtu aliyekimbia bunduki utamwita kwa spika?" akasema Bi Mwanapili. "Nyinyi nanyi!"

"Ndiyo maana tumekuja kwako, bi mkubwa."

"Nani mwenye shughuli?"

Haroub akacheka kidogo. Akataja wafadhili, akataja kamati, akajikwaa. "Wewe sema mradi tu."

"Mradi haumsalimu mtu," akasema Bi Mwanapili. Lakini alikwisha kunyanyuka kutafuta buibui lake.

Mwaliko usio na mwenyewe si mwaliko, ni tangazo, na Bi Mwanapili hakuwa mtu wa matangazo. Kwa hiyo kwenye nyumba ya kwanza, nyuma ya soko la samaki, alipoulizwa na wale wageni nani aliyemtuma, alijibu, "Mwenye shughuli ni mimi." Tusimfiche: neno lile lilimnogea. Umri wote alikuwa akibeba salamu za wenye shughuli wengine.

Watu wale walitoka Palma. Kiswahili chao kilipinda hapa na pale, lakini mkeka waliutandika kama unavyotandikwa Unguja, na khofu yao ilikuwa moja. "Hatutaandikwa? Hatutarudishwa?" Bi Mwanapili akaweka mkono kifuani. "Mgeni wangu haandikwi na mtu." Nyumba sita zikamkubalia.

Nyumba ya saba aliifikia Alhamisi mchana. Ilikuwa jumba kuukuu lililoporomoka ghorofa ya juu, watu wakabakia vyumba vya chini. Alimkuta binti mmoja, Anshia, yuko mlangoni amejifunga kanga kiunoni, amejitanda nyengine. Nyuma yake, juu ya kigoda, alikaa mamaake, Bi Muaziza, anahema kwa mabega.

"Nnampeleka mama hospitali," akasema Anshia. "Siku ya tano leo, homa na kifua. Nilikuwa naogopa watatuuliza karatasi. Leo nshaacha kuogopa."

Bi Mwanapili angeweza kusogea kando wapite. Angeweza hata kumshika yule mama mkono wa pili. Lakini alikuja kualika, na hajapata kuondoka mlangoni bila ya kuitikiwa, na tena hii ilikuwa shughuli yake.

"Hospitali ya nini, mwanangu? Foleni huko mpaka magharibi, na watakutakeni vitambulisho. Jumamosi madaktari wanakuja wenyewe, pale skuli, na dawa zao, na mitungi ya hewa. Siku mbili tu. Mfukize, mpe tangawizi."

Mitungi ya hewa Haroub hakuitaja. Aliitia mwenyewe, kunogesha.

Anshia alisitasita, mkono juu ya fundo la kanga. Aliyekata shauri ni Bi Muaziza. "Mtu kaja kwa miguu yake kutualika, Anshia," akasema, akivuta pumzi katikati ya maneno. "Sisi wageni hapa. Haifai kumrudisha hivi hivi."

Anshia akalifungua fundo. Bi Mwanapili akarudi kwake na furaha ambayo hakuwa nayo tangu maradhi yaanze. Nyumba saba kwa saba!

Jumamosi uwanja wa skuli ulipambwa ukapambika. Mahema meupe, viti vimevishwa vitambaa, bango refu kuliko geti, na watu wa mradi wote ndani ya fulana za kijani. Bi Mwanapili naye alipewa fulana, akaivaa juu ya dera lake, akasimama getini kupokea wageni. Nao walikuja! Wamefua, wamepiga pasi, watoto wamepakwa mafuta mpaka wanang'ara. Mlinzi alimwelekezea kila mtu kipimo cha homa kwenye paji la uso, na mtoto mmoja alipoona kile kitu kimemlenga akalia mpaka akakaukwa sauti. Mamaake alimfunika kichwa kwa kanga, wakaingia.

Mwisho akaja Anshia, amembeba mamaake mgongoni.

Mlinzi akapima. Akapima tena. "Thalathini na tisa na nusu. Huyu haingii."

"Haingii wapi?" akauliza Bi Mwanapili.

"Ndani. Mwenye homa haruhusiwi. Mgeni rasmi keshafika."

"Hii si Siku ya Afya?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa?"

"Sasa mwenye homa haingii."

Bi Mwanapili akamwita Haroub kwa sauti ambayo haijapata kutoka kinywani mwake mbele za watu. Haroub akaja mbio, akamwona yule mama mgongoni, akaivuta barakoa mpaka machoni. "Bi Mwanapili, mbona hukunambia kuna mgonjwa? Hapa hatutibu. Hapa tunahamasisha. Elimu, sabuni, barakoa."

"Na madaktari?"

"Wapo wawili. Watatoa mada."

Anshia alimpandisha mamaake vizuri mgongoni. Alimtazama Bi Mwanapili tu, uso kwa uso, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake Bi Mwanapili ndiye aliyeinamisha macho.

Na wakati ule ule spika ikaita jina lake. Mwanamke shujaa wa mtaa, ikasema, aliyeingia nyumba kwa nyumba wakati wengine wameshindwa, apite mbele apokee cheti. Haroub akamshika kiwiko. "Dakika moja, bi mkubwa. Ukishuka tu tutatafuta gari."

"Nisubirini pale kivulini," akamwambia Anshia. "Nnarudi sasa hivi."

Akaenda. Ndiyo, alikwenda, hakuna njia ya kulisema hilo likawa zuri. Alipanda jukwaani, akapigiwa makofi na watu aliowaalika, akakamatishwa cheti chenye fremu. Mgeni rasmi alikuwa hajamaliza hotuba yake, na picha haipigwi mpaka hotuba iishe. Hotuba ilihusu mshikamano. Aliposhuka na kufika getini kivuli kilikuwa kitupu, na mlinzi hakujua wameelekea wapi.

Anshia alimfikisha mamaake hospitali kwa kusaidiwa na mchukuzi mmoja wa sokoni. Huko walipokewa, wala hawakuulizwa karatasi. Daktari aliuliza jambo moja tu: mbona mmechelewa? Bi Muaziza alikufa Jumapili alfajiri.

Khabari zilimfika Bi Mwanapili kabla ya saa tatu, akaenda. Alimkuta Anshia amekaa kwenye kile kigoda cha mamaake, macho makavu. Maiti alikwisha kurudishwa kutoka hospitali, yumo chumba cha ndani, na wanawake wawili wa Palma walikuwa wanateka maji ya kumwoshea.

"Nisamehe, mwanangu."

"Aliniuliza," akasema Anshia. "Njiani, mgongoni. Aliniuliza, aliyetualika yuko wapi? Nikamwambia, yumo ndani, mama, anapigiwa makofi."

Bi Mwanapili akakaa chini, kwenye sakafu. Alitaka kulia, na akaona haya kulia mbele ya mtu asiyelia.

"Msamaha sina nafasi nao leo," akasema Anshia. "Nna maiti ndani, na wanaume wetu watatu. Jeneza halibebwi na watu watatu. Wewe kazi yako kuita watu. Kaite."

Akaenda. Mlango wa kwanza alifungua Mayasa, mke wa muuza vitambaa.

"Anshia wa nyumba ile mbovu anakusalimu. Mamaake amefariki. Anazikwa alasiri, mwambie na baba watoto."

"Masikini! Kafa kwa nini?"

Pana maneno ya kusemwa hapo, na Bi Mwanapili aliyasema umri wote kwenye milango ya watu: siku zake zimefika. Si uongo. Lakini alikuwa amemtazama Mayasa usoni, kama mazoea yake, na maneno yale hayakutoka.

"Homa na kifua," akasema. "Alhamisi alikuwa anatoka kwenda hospitali. Mimi nikamwambia angoje shughuli yangu."

Mayasa alifunika mdomo kwa mtandio. Kisha mlango ukafungwa, taratibu, bila ya ugomvi.

Wa pili hivyo hivyo. Wa tano mtu alimtukana. Wa saba bwana mmoja mtu mzima, Mzee Mbarouk, alisikiliza mpaka mwisho, akarudi ndani kuchukua kofia yake. Mlango wa kumi na moja ulikuwa wa Bi Khairat, ambaye mwezi ujao alikuwa anamwoza bintiye.

"Pole," akasema Bi Khairat, akamvuta kando, akashusha sauti. "Lakini hilo la kumzuia usiende nalo huko mbele, shoga yangu. Nani atakuitikia tena? Mimi nilikuwa nataka nikutume wewe kwa harusi ya Nadra."

"Tafuta mwengine, Khairat."

"Nakwambia kwa kukupenda."

"Mumeo atakuja?"

Bi Khairat alitazama ukutani. "Maradhi haya, Mwanapili... Nitamwambia."

"Alasiri," akasema Bi Mwanapili. "Mpaka sasa wa kubeba wapo wanne."

Akavuka kichochoro, akagonga mlango unaofuata. Akasikia ndara zikija, zikasita nyuma ya ubao. Mtu yupo. Hakufungua, wala hakuondoka.

Bi Mwanapili akasogea karibu na mlango, akatoa salamu, akayasema yote pale pale, kwa sauti, kuanzia Alhamisi.