Ufagio wa Itto na Fimbo ya Bassou

Itto Ait Baha alikuwa juu ya paa la nyumba yake akianua tende, muadhini ndiyo kwanza amemaliza kuadhini magharibi, mbingu ilipowaka. Haukuwa ule mstari mwembamba unaopita kabla hujamwonyesha mwenzako. Ulikuwa moto wa kijani, mnene, uliovuka bonde zima kwa taratibu kama mwenye nyumba anayekagua vyumba vyake, ukakatika vipande, ukazimika nyuma ya mlima Bani.

Mtu mwingine angepiga kelele, au angeteremka ngazi kuwaita majirani. Itto hakusogeza hata kidole cha mguu. Akanyoosha mkono, akauvuta ufagio uliokuwa umeegemea kikapu cha tende, akaulaza juu ya ukuta wa paa, mpini ukielekea pale pale mwanga ulipofia. Kisha akakaa kimya, mdomo wazi, anasikiliza. Baada ya muda ukaja mngurumo, kama lori linalomwaga kokoto.

"Umenguruma," akasema peke yake. "Ewe Mola, umenguruma!"

Kimondo kisichonguruma kimeanguka katika nchi ya watu wengine, na unaweza kukipigia makofi ukarudi kulala. Kinachonguruma ni mgeni wako. Hilo kila mtu wa bonde la Draa analijua, maana watu wa huko wamepagawa na vimondo kama wengine walivyopagawa na mpira. Mchunga mbuzi ana jiwe mfukoni, imamu ana jiwe dirishani, na ukikaribishwa chai ya nanaa utaonyeshwa mawe kabla hujaulizwa habari za watoto. Ila wengi wao ni wapiga domo tu. Mwenye akili ya kulaza ufagio kabla ya kupayuka, huyo ni wa kutafuta kwa taa.

Itto aliteremka, akawatangazia wakwe zake nyumba nzima kwamba atakayeugusa ule ufagio ataondoka humu na mkono mmoja. Halafu akakaa jikoni akawaza. Ufagio ulimwambia upande, haukumwambia umbali. Jiwe lingeweza kuwa nyuma tu ya mlima, au mbali huko mpakani, kote katika mstari ule ule mmoja. Ili ajue mahali, alihitaji mtu wa pili, aliyeliona kutoka upande mwingine, na ambaye naye hakusogeza miguu. Mistari miwili ikikatana, hapo ndipo.

Na haraka ilikuwepo. Kesho yake wachuuzi wa mawe wangemiminika kutoka Erfoud na magari yao. Mbaya zaidi, magharibi kulikuwa na mawingu, ya kwanza tangu masika. Jiwe lililotoka mbinguni jana ni safi kuliko kitu chochote duniani, lakini likinyeshewa mara moja tu, kutu inaanza kulila ndani kwa ndani, na wataalamu wakilipokea wanatikisa kichwa. Itto alikuwa ameokota mawe mengi jangwani, mawe ya kale yaliyochoka na jua. Jiwe aliloliona likianguka kwa macho yake, akalishika kwa mikono yake, hakuwahi kulipata, na miaka ilikuwa inakwenda.

Mtu wa pili alimjua. Alikaa Tanfit, upande wa pili wa uwanda, na kwa bonde zima hakuna mwingine ambaye angemwamini. Ni kaka yake wa kumfuatia, Bassou, na hawajasemeshana tangu Idi ya mwaka juzi.

Ugomvi wenyewe, ukimsimulia mtu wa mbali, atakucheka. Itto alikuwa amepata jiwe dogo la kijivu, la aina adimu, na bibi mmoja mtaalamu kutoka Casablanca alikuwa anakuja kulipima. Bibi yule alikuwa ameagiza jambo moja tu: sumaku isilikaribie. Mawe haya, alisema, yamebeba ndani yake sumaku ya zamani, ya huko yalikozaliwa kabla ya dunia kuwa dunia, na ukiyapitishia sumaku ya dukani unaifuta ile ya kwao, hairudi tena. Itto akamweleza kaka yake. Bassou akasema amesikia. Basi siku hiyo amekuja kuwatazama, dada yuko jikoni anachemsha chai, Bassou akalichukua lile jiwe akalipenda, na mkono wake ukafanya ulichokifanya tangu ujana: akashika fimbo yake yenye sumaku nchani, ile ya kupimia kama jiwe ni la mbinguni, akalizungushia jiwe juu, chini, kila upande, kwa mapenzi kabisa, kama anayempaka mtoto mafuta. Itto akaingia na sinia.

Bibi wa Casablanca alipofika alisema jiwe bado ni zuri, lakini limesahau kila kitu. Bassou alilia. Itto akamwambia asikanyage tena kwake, na jina lake akalifuta kwenye simu. Namba hakuweza kuifuta, maana alikuwa ameshaihifadhi kichwani.

Sasa akaibonyeza. Simu haikulia hata mara mbili.

"Dada," sauti ikasema, "nimelaza fimbo."

Itto alikuwa amejiandalia maneno makali ya kuanzia, yote yakapotea. "Umelaza wapi?"

"Kwenye ukuta wa kisima. Sijasogea hapo tangu magharibi. Mke wangu ameniletea chakula hapa hapa, anadhani nimerogwa. Wewe umelaza nini?"

"Ufagio."

"Ufagio!" Bassou akacheka. "Mimi nawaza mchana kutwa jinsi nitakavyopata sababu ya kukupigia, kumbe Mungu naye ananitafutia."

"Usinichekeshe, mimi na wewe hatujapatana. Fimbo inaelekea wapi?"

"Inapita ukingo wa kushoto wa kuba la kaburi la Sidi Mansur, inakwenda kugonga lile pengo mlimani, pale penye umbo la jino lililong'oka."

"Una hakika, au ni yale mambo yako ya 'nadhani'?"

"Dada, mimi hapa mguu umekufa ganzi kwa ajili ya hakika. Unataka nini tena?"

Itto akachukua sinia ya kuskusi, akaimwagia unga, akausawazisha. Akaweka kokwa ya tende pahali pa kijiji chake, na dengu pahali pa Tanfit. Kokwa ilikuwa kubwa zaidi, na hilo alilifanya makusudi. Akachora mstari wa ufagio, akachora mstari wa fimbo. Ikakatana juu ya ziwa kavu, nyuma ya Bani, mahali ambapo hakuna hata mbuzi anayepita.

"Ziwa kavu," akasema kwenye simu.

"Udongo mweupe!" Bassou akapaza sauti. "Jiwe jeusi kwenye udongo mweupe, dada! Nikupitie alfajiri?"

Itto akapangusa unga vidoleni. "Njoo. Lakini usidhani unakuja kunywa chai."

Alfajiri Bassou alifika na pikipiki yake ya miguu mitatu, ile ya kubebea majani ya ng'ombe, amemwekea dada yake mto wa kukalia nyuma, na kipande cha mkate wa moto kwenye kitambaa. Alikuwa amekonda. Itto aliliona hilo na likamchoma, kwa hiyo akamwambia kilemba chake ni kichafu. Njiani Itto aliiona ile fimbo imefungwa pembeni, na alipoitazama nchani akakuta tundu tupu.

"Sumaku iko wapi?"

"Niliitupa kisimani," alijibu Bassou bila kugeuka. "Siku ile ile."

"Mwehu wewe. Mnakunywa maji ya sumaku?"

"Tunakunywa. Mke wangu anasema tangu hapo anavutwa na masufuria."

Itto alicheka kabla hajajizuia, akajifanya anakohoa vumbi.

Ziwa kavu lilikuwa limetandazwa mbele yao, jeupe, udongo wake umepasuka vigae vigae na juu yake vumbi laini kama unga. Mawingu yalikuwa yameshafika juu ya Bani. Wakagawana: Itto ashike upande wa mashariki, Bassou magharibi, wakienda na kurudi sambamba lakini mbali mbali, kama watu wanaolima shamba moja. Desturi ya huko inajulikana na haina mjadala hata kati ya mtu na mama yake: anayeliona jiwe kwanza anaita "Langu!", anaweka kitambaa chake juu yake, na limekuwa lake.

Walitembea asubuhi nzima. Itto alipata kinyesi cha ngamia, kipande cha tairi, na kopo la dagaa. Magoti yakaanza kulalamika. Upepo ukabadilika ukawa na harufu ya maji, harufu ambayo siku nyingine yoyote angeishukuru, na leo akaichukia. Aliwaza: nikikosa hili sitapata jingine. Alimtazama kaka yake kule mbali, mdogo, ameinama, na akaona wivu kweli kweli, maana macho ya Bassou yalikuwa mazima kuliko yake.

Mara akamwona anamjia, anachechemea, kilemba kimemshuka puani.

"Dada, tubadilishane pande."

"Kwa nini?"

"Ule upande wangu unaniumiza macho. Weupe mtupu. Siwezi."

"Hivi wewe lini umeweza kitu? Jua lenyewe limefunikwa na mawingu, macho yanakuuma kwa lipi?"

"Basi ni uzee. Nenda bwana, mvua inakuja. Anzia pale nilipoachia, penye kile kichaka kikavu."

Itto akaenda, anabwata njia nzima kuhusu wanaume wanaochoka mapema. Alifika kwenye kichaka, akakipita, na hapo hapo akaliona.

Lilikuwa limezama nusu katika kigae cha udongo kilichopasuka kama sahani iliyoangushwa. Jeusi, jeusi la kiza cha chunguni, na ganda lake lina vishimo vidogo kama mtu amelibonyeza kwa vidole gumba likiwa bado donge la mkate. Ukubwa wake haukuzidi pera. Jana lilikuwa mbinguni na leo liko hapa, na yeye ndiye aliyeliona likija. Itto alipiga magoti akalia kwa sauti, bila aibu, kama alivyolia alipozaliwa mjukuu wake wa kwanza.

Alipofuta machozi ndipo akaona vumbi.

Alama za makubazi ya tairi zilikuja kutoka magharibi, moja kwa moja hadi pale. Zikasimama. Mbele ya alama hizo kulikuwa na mashimo mawili ya magoti, karibu na yale aliyoyapiga yeye. Mbele ya magoti kulikuwa na viganja viwili, vidole vimetanuka, vimekandamiza udongo kwa nguvu. Kati ya vidole vile na jiwe palibaki nafasi ya shubiri. Hapakuwa na alama nyingine. Kisha makubazi yalikuwa yamegeuka, yakazunguka kichaka, yakaelekea mashariki, kwake.

Itto alikaa akiyatazama yale magoti. Tone la kwanza la mvua likaanguka kwenye vumbi, likaacha kitundu. Likaja la pili.

Akavua ushungi wake upesi akalifunika jiwe. Akatoa karatasi ya alumini ya jikoni aliyokuja nayo kifuani, akalifungia humo bila kuligusa kwa ngozi, akalizungushia ushungi mara kadhaa. Matone yalikuwa yanaongezeka. Viganja vya vumbi vilianza kulainika, vidole vikaungana, magoti yakajaa. Hakufanya lolote kuvizuia, wala hakuita "Langu!"

"Bassou!" aliita. "We Bassou!"

"Naam, dada!"

Alikuja mbio, na alianza kushangaa akiwa bado mbali mno kuweza kuona kitu. "Umelipata? Usiniambie! Wallahi, dada, macho yako hayo! Na mimi nilipita hapa hapa!"

"Ulipita hapa ukiwa umelala," akasema Itto. "Macho yameoza kabisa hayo."

"Yameoza," Bassou alikubali, huku anatabasamu hadi kwenye masikio, mvua inamtiririka. "Yameoza, dada yangu."

Itto alisimama kwa shida, akamnyooshea lile furushi. Bassou akarudi nyuma hatua moja, akaficha mikono mgongoni kama mtoto.

"Hapana. Lishike wewe. Mimi nitaendesha."

"Nitaendesha mimi."

"Wewe? Tangu lini unajua kuendesha?"

"Leo. Lete mikono."

"Dada..."

"Nimesema lete mikono. Yote miwili."

Akamwekea jiwe viganjani. Vilikuwa bado na udongo mweupe, mpaka kwenye kucha.