Furu Kumi na Mmoja wa Rugemalira

"Watumishi wote, waliopo na waliopunguzwa, wanatangaziwa kwamba kuanzia Jumatatu, tarehe 3 Machi 1997, ufunguo wa choo cha ghorofa ya kwanza utatunzwa na Masijala, na utatolewa kwa saini."

Rugemalira alilisoma tangazo hilo mara mbili, kwa kuwa ubao wa Kituo cha utafiti wa samaki haukuwa na jingine. Alikuwa amefanya kazi katika maabara ya Kituo miaka thelathini na mmoja kabla jina lake kuingia kwenye orodha ya waliopunguzwa, na siku hiyo alikuja kuwachukua samaki. Chumba cha samaki hai kilikuwa kimekodishwa kwa mfanyabiashara wa mitumba. Ziwa lenyewe lilikwisha kuachiwa sangara, mwenye soko Ulaya. Furu, kisamaki cha urefu wa kidole kisicho na mnunuzi, alikuwa ameliwa na sangara huyo hadi aina nyingi zikabaki ndani ya chupa za dawa ya kuhifadhia maiti zao. Aina moja, yenye mstari wa rangi ya kutu ubavuni, ilisalia katika tangi la Kituo. Walikuwa kumi na mmoja. Kwa kadiri Rugemalira alivyojua, na alijua kuliko wote waliobaki na ajira, hawakuwapo wengine popote.

Kituo kilikubali kumwazima. Katika daftari la mali iliandikwa: "Furu, hai, 11."

Nyumbani kwake Nyakato aliuunda mfumo kwa mikono yake. Tangi la kioo lilikaa sebuleni. Maji yaliyozidi yalishuka kwa bomba, yakapenya ukuta hadi kwenye pipa lililokatwa nusu huko uani, yakachujwa na changarawe na vipande vya chandarua. Kisha pampu iliyotoka Dubai iliyasukuma kurudi kwa bomba la pili, lililozama hadi sakafu ya tangi ili uchafu usituame. Kwenye bomba hilo, juu kidogo ya uso wa maji, alitoboa tundu. Umeme ulipokatika, na ulikatika mara tatu kwa wiki, bomba lingeweza kuyanyonya maji yote ya tangi kuyarudisha pipani; tundu liliingiza hewa na kuukata mnyonyo huo papo hapo. Umeme ulipokuwapo, lilirusha uzi mwembamba wa maji, na matone machache yaliangukia sakafuni.

Mihayo, afisa ugavi wa Kituo, alifika mwezi wa nne na fomu ya ukaguzi, akiongozana na fundi bomba aitwaye Ngosha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Mihayo aliutazama uzi wa maji, kisha akaitazama fomu. "Linavuja."

"Halivuji. Linapumua."

"Mzee, hapa pana 'ndiyo' na 'hapana'. Kupumua hakumo."

Rugemalira alimweleza habari ya mnyonyo, taratibu, kama alivyowaeleza wanafunzi wa mazoezi kwa miaka mingi. Mihayo alisikiliza kwa adabu. Ngosha alikuna kidevu.

"Mzee wangu, mimi nimefunga mabomba Nyamagana nzima," alisema. "Nikiacha tundu linarusha maji hivi, watu watasema Ngosha kazeeka."

"Wenye tangi linalovuja wanarudisha mali," Mihayo aliongeza. "Ndivyo sharti lilivyo."

"Mali mtaiweka wapi? Kwenye mitumba?"

"Hilo fomu haiulizi."

Ngosha aliliziba tundu kwa mpira na waya, kazi safi isiyo na dosari, na Mihayo akabandika lakiri nyekundu juu yake.

Walipoondoka, Kokugonza, mkewe, alitoka jikoni na koleo. "Baba Muganyizi, shika. Kata."

"Ile ni lakiri ya serikali."

"Serikali iliyokupa barua ya kwenda nyumbani? Basi nikate mimi. Mimi hawakuniajiri."

"Acha. Nitaomba kibali."

"Kibali cha tundu!" Kokugonza alirusha koleo mezani. "Makubwa."

Aliomba. Barua yake ilikuwa na kurasa mbili na mchoro. Akingoja jibu, hakutoka nyumbani ila mkewe alipokuwapo, na kila umeme ulipokatika mmoja wao alikimbia kulinyanyua bomba kutoka majini, na kulizamisha tena uliporudi, la sivyo lingemwaga maji nje ya tangi.

Mwezi wa sita Kituo kilimwita afafanue mchoro wake. Kokugonza alikuwa Sengerema, kwa binti yao aliyejifungua. Siku hiyo haikuwa ya mgawo wa umeme Nyakato. Rugemalira aliikagua ratiba mara mbili, akaenda. Alikuwa amengoja kwenye benchi la Kituo kwa saa ya pili pangaboi la dari lilipoanza kupunguza mwendo. Alilitazama hadi mapanga yakahesabika.

"Ni hapa tu?" alimwuliza karani.

"Mji mzima, mzee. Kaa, zamu yako imefika."

Hakukaa.

Alipofungua mlango wake, maji yaliyofurika kutoka pipani yalikuwa yamekwisha kunywewa na mchanga wa uani. Tangini kilibaki kina kisichofunika ukucha. Furu walilala ubavu, mistari yao ya kutu ikianza kufifia. Jike mmoja alikuwa ameachama. Vifaranga aliowatunza kinywani, kama ilivyo desturi ya jamii hiyo, walikuwa wametapakaa mbele yake kama mbegu za ufuta. Rugemalira aliwahesabu wakubwa. Wadogo hawakuwamo katika daftari.

Kokugonza alirejea baada ya siku mbili. Alisimama mbele ya tangi kavu, mtandio ungali begani.

"Na lakiri?" aliuliza.

"Nzima."



Barua ya Kituo ilikuja mwezi wa nane. Ilisema kwamba Kamati ya Mali, katika kikao chake cha kawaida, ilikuwa imelipitia ombi la Ndugu Rugemalira pamoja na mchoro wake, na kuridhia atoboe tundu moja lenye kipenyo kisichozidi milimita nne, kwa sharti kwamba tundu hilo lisivuje.