Toroli, Mwambie Huyo Mtu

Pale Ikinga walimwita Ikupa "Mama Zoezi", na waliomwita hivyo walicheka mpaka wakashika mbavu. Waache wacheke. Mwaka juzi moto kichaa ulishuka kutoka mlimani, moto wa watu waliochoma nyasi wapate malisho mapya halafu wakatokomea kama hawakuzaliwa, na jirani yake Enoka akakimbia na redio mbovu mkononi akiwaacha nguruwe bandani. Redio mbovu, jamani! Nguruwe walijiokoa wenyewe kwa kuvunja mlango, maana walimzidi akili. Tangu siku ile Ikupa akaapa kwamba nyumba yake haitakimbia kijinga.

Basi kiangazi kikianza tu, anamsimamia mumewe Jonasi mpaka nyasi zote kuzunguka nyumba zimefyekwa na udongo umekwanguliwa ukabaki mtupu. Vyeti vya watoto, hati ya shamba, dawa na nguo viliingia kwenye shangazi kaja, lile begi la mistari, nalo likakaa nyuma ya mlango. Madumu yalijaa maji muda wote, na ole wako uchote humo ya kuoshea miguu. Siku ya zoezi anagonga sufuria kwa mwiko, na kila mtu anashika lake: watoto wanafungulia mbuzi, yeye anabeba begi, kisha ni mbio hadi uwanja wa mpira wa shule, ambao hauna hata jani moja la kuungua.

Kila mtu, isipokuwa baba mkwe.

Mzee Yesaya alikuwa na nyumba yake ndogo upande wa pili wa ua, na nyonga aliyoivunja alipoanguka kutoka juu ya mpera, katika umri ambao wenzake hata kitini hukaa kwa kushikiliwa. Sasa hapo ndipo penye kazi. Katika ukoo ule mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Hawasemezani, hawatajani majina, hawapiti njia moja. Ikupa ameolewa hapo, kifungua mimba wake yuko darasa la pili, na bado akimwona mzee kwa mbali anachepukia kwenye migomba. Hata kanisani mzee aliingilia mlango wa kushoto, yeye wa kulia, na mchungaji alishazoea.

Chakula alimpelekea. Alikiweka kwenye kigoda mlangoni, akakohoa, akaondoka. Mzee naye aligonga sakafu kwa mkongojo, yaani amesikia. Kukiwa na neno la kusema na watoto hawapo, neno lilipitia kwa jogoo.

"Wewe jogoo," mzee alisema kutoka ndani, "mwambie huyo mtu mboga ya leo imekaa vizuri."

"Jogoo, mwambie mwenye nyumba asante, na dawa zake asisahau."

Mtu asikudanganye kwamba hawakupendana. Kila asubuhi Ikupa alikuta kuni mlangoni kwake, zimepasuliwa vipande vidogovidogo vya kuenea kwenye jiko lake. Mzee alizipasua akiwa amekaa, kwa sababu ya ile nyonga. Hakuna aliyemwambia Ikupa ni nani, na hakuwa na haja ya kuuliza.

Ila zoezi, hapana! "Jogoo, mwambie huyo mtu mimi moto nimeanza kuuzima babu yake hajaoa," mzee alisema, akaendelea kuota jua. Kwa hiyo ikapangwa hivi: moto ukija, Jonasi atamweka baba yake kwenye toroli na kupita barabara ya chini, Ikupa na watoto watapita njia ya juu, kwenye mibuni. Mpango wa heshima kabisa. Ulikuwa na tundu la kupita ng'ombe, wote wakaliona, na hakuna aliyethubutu kulisema: je, Jonasi asipokuwepo?

Haya. Siku moto ulipokuja, Jonasi alikuwa Tunduma akitafuta spea ya pikipiki.

Watoto walikuwa shuleni. Ikupa alikuwa anachambua maharage alipoona moshi mweusi unaviringika juu ya kilima, na upepo unausukuma kuja huku huku. Akagonga sufuria kwa mwiko, japo hapakuwa na wa kumsikia. Ndivyo zoezi linavyoanza. Akafungulia mbuzi, akalitoa begi na kulivaa mgongoni, akapanda juu ya kichuguu, ambapo ndipo mtandao unapopatikana.

"Jonasi! Moto!"

"Baba je?"

"Yuko ndani kwake."

"Mke wangu," Jonasi akasema, "fanya unavyojua." Kisha chaji ikamwishia, au alisema imemwishia. Wanaume hawa!

Ikupa akasukuma toroli hadi mlangoni kwa mzee. Akakohoa. Mkongojo ukagonga. Jogoo alikuwa ameshatimka na mbuzi, na hapakuwa na mjumbe mwingine.

"Toroli," akasema, "mwambie mwenye nyumba hii moto uko kwa Enoka. Atoke."

Sauti ikatoka ndani: "Toroli, mwambie huyo mtu awahi kwa watoto wake. Mimi nimeishi vya kutosha. Nikasukumwe na mkamwana barabarani, watu waseme nini?"

Hapo Ikupa alikasirika, sikufichi. Kuni zote zile, asubuhi zote zile, halafu mtu afe kwa ajili ya aibu?

"Toroli! Mwambie kama hatoki, na mimi sitoki! Nakaa hapa hapa mlangoni, na wajukuu wake watajilea wenyewe!"

Na kweli akakaa chini, pu, akakunja mikono. Moshi ulikuwa umeanza kumwasha macho, lakini hakuinuka.

"Toroli," sauti ikasema hatimaye, "huyo mtu ana kichwa kigumu."

"Amekiokota kwenye ukoo alioolewa."

Ndani pakasikika kikohozi kilichofanana sana na kicheko. "Basi afumbe macho, nitoke."

"Akifumba macho atamtia mtu mtaroni! Subiri!" Akakimbilia madumu, akalowesha blanketi zito la Jonasi, akalirusha dirishani. "Toroli, mwambie ajifunike gubigubi. Cheche hazitampata, na hatuonani."

Likatoka. Blanketi linalochuruzika maji, lenye mkongojo, linachechemea. Likajaribu kupanda kwenye toroli, nyonga ikakataa, toroli likainuka upande, blanketi likaanza kwenda chini. Ikupa akalidaka kwa mikono miwili, akalikumbatia, akalikalisha. Nimeshika blanketi, alijiambia, sijamshika mtu.

Wakashika barabara ya chini. Tairi lilikuwa linalia kama kifaranga, majivu yanadondoka, nyuma yao mianzi inapasuka pa! pa! Mzee hakuona kitu humo ndani, lakini barabara ile aliijua kwa makalio.

"Toroli, hapo kwa Rubeni kuna shimo, kaa kulia!"

Wakatumbukia.

"Toroli limechelewa kusikia," Ikupa akahema.

"Mgongo wangu umesikia!"

Ikupa akaanza kucheka, hukohuko mbioni, na blanketi nalo likawa linatikisika.

Uwanjani watu walishajaa. Enoka alikuwepo na nguruwe wake wote, safari hii bila redio. Watoto wakamkimbilia mama yao. Akina mama walipotambua kilichomo kwenye toroli, wakageuza nyuso kwa heshima, huku mabega yakiwacheza. Ikupa akashusha mikono ya toroli, akarudi nyuma ili mwanaume yeyote aje amfunue mzee.

"Ikupa."

Jina lile halikuwahi kutoka kwenye kinywa kile.

"Usimwite mtu. Aliyenileta ndiye anifunue."

Akasogea, akashika pembe ya blanketi, akavuta. Uso ule aliouona kwa mbali tu ulikuwa na masizi, ndevu zinadondosha maji, na macho yalikuwa yaleyale ya Jonasi akiwa amefanya utundu. Wakatazamana.

"Kumbe wewe ni mfupi hivi!" mzee akasema. "Na umenisukuma!"

Uwanja ukaangua kicheko. Ikupa alicheka, akalia, akacheka tena, akajifuta uso kwa ncha ya blanketi hilohilo.

Kabla jua halijazama upepo ukageuka. Moto ulifika kwenye udongo uliokwanguliwa, ukakosa cha kula, ukaambulia choo. Jonasi alirudi na spea yake, akasimuliwa yote, akaomba asimuliwe tena. Enoka akaja kuuliza zoezi lijalo ni lini, na hakuna aliyecheka.

Asubuhi Ikupa akapeleka uji. Akauweka kwenye kigoda, akakohoa kama kawaida yake, akageuka aondoke.

"Ikupa, mwanangu," sauti ikatoka ndani, "unakohoa nini, unaumwa? Ingia. Uji unapoa."