Mkalimani wa Kaka Yake

Kwenye karakana ya mizani za dukani, kazi ya asubuhi ilikuwa kukwangua majina. Kaka mkubwa alishika kila chipu, ule ubongo mdogo wa mizani, kwa koleo ndogo, akaipitisha kwenye msasa mpaka maandishi yakafutika, kisha akaimwagia gundi nyeusi iliyoganda kama jiwe. Mtu akiifungua mizani asijue kilichomo. Bila hivyo, muuza nyama mwenye mkono mwepesi angeichokonoa, angebadili kidogo tu, na kilo ya mteja ingekuwa robo tatu.

Baada ya chipu ilifuata programu, ile inayoiambia mizani itaje uzito gani. Hiyo aliivuruga kwenye kompyuta. Kila jina lenye maana aliligeuza herufi zisizo na kichwa wala miguu, akapachika njia za uongo zinazozunguka na kurudi zilikoanzia. Mashine iliendelea kuelewa. Binadamu aliyejaribu kuisoma aliambulia kizunguzungu.

Programu yenyewe iliandikwa na mdogo wake wa kike, aliyeitwa Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi wa mama yao. Walisoma chuo kimoja, wakaajiriwa pamoja. Tangu utotoni, redio ikikwama, mama aliita, "Kitinda, njoo uitazame," hata kama kaka mkubwa alikuwa amekaa ubavuni mwa redio.

Safari hii Kitinda alikuwa ameandika programu inayojikagua yenyewe: mtu akiigusa, mizani inagoma kupima. Kaka mkubwa aliisoma yote akitafuta kosa. Hakulipata, na roho ikamuuma zaidi kwa kulikosa. Ilisomeka kwa urahisi, kama mtu anayekuelekeza nyumbani kwake.

Akaivuruga, kama kazi yake ilivyomtaka. Kisha akaivuruga hata nakala safi, ile ya kuhifadhiwa ofisini ambayo haikupaswa kuguswa, na humo akaling'oa jina la mwandishi. Meneja alipopita na kuuliza nani ametengeneza kitu kigumu namna hii, Kitinda alikuwa ametoka kwenda kununua waya.

"Mimi," alisema kaka mkubwa.

Hilo ndilo neno lake la mwisho lililoeleweka. Kesho yake, mezani, alimwambia mama yao, "Ikiwa kijiko ni jana, zungusha dirisha, la sivyo rudi kwenye kiatu." Mama alimtazama, kisha akageukia upande wa pili wa meza.

"Anaomba sukari," alisema Kitinda, bila kuinua macho kwenye kikombe chake.

Mama akasogeza sukari.

Akiandika ilikuwa vilevile, na hata kichwa chake kilikubali, kikakataa, kikakubali tena ndani ya tikiso moja. Daktari alimpima koo, akasema koo ni zima, akamwandikia dawa ya kikohozi ili asitoke mikono mitupu. Kampuni shindani ilimpigia simu kumrubuni, ikakata simu isijue imejibiwa ndiyo au hapana. Meneja alifurahi, alikuwa amepata mhandisi asiyeibika. Akamfanya mkuu wa karakana. Kitinda alitolewa kwenye programu akawekwa kuwa mkalimani wake, kwa kuwa hakuna mwingine aliyemwelewa. Alimweleza Meneja kwamba programu ile ni yake. Meneja hakukasirika. Alifungua nakala ya ofisini, akamwomba amwonyeshe jina lake lilipo. Halikuwepo.

Kumsoma kaka yake hakukumpa taabu. Alizitupa njia za uongo, akafuata iliyobaki. Jambo hili ndilo lililomkera kaka mkubwa kuliko yote: amejifungia maneno yake yote, na mwenye ufunguo ni yuleyule. Akaongeza mizunguko. Kuna sentensi aliyoianza karakana ikifunguliwa, akaimaliza watu wakienda kula. Kitinda aliisikiliza huku anatafuna mkate wake, akaitafsiri.

Jioni moja, mama akimenya viazi, kaka mkubwa alisema kitu kirefu chenye ngazi na mvua ndani yake. Mama akauliza amesemaje.

Alikuwa amesema kwamba tangu Kitinda azaliwe yeye hajawahi kuitwa wa kwanza, na kwamba heri mdogo wake huyo asingezaliwa.

"Anasema viazi vinatosha," alisema Kitinda.

Mizani zikauzwa sana. Wauza nyama walinuna, wateja wakapata kilo zao kamili, na kampuni ikaandaa hafla ya kumtunuku kaka mkubwa. Mama alikaa mstari wa mbele akapiga makofi mpaka aliyekaa naye akasogeza kiti. Kaka mkubwa alipokea ngao, akasogea kwenye kipaza sauti, Kitinda hatua moja nyuma yake. Sentensi aliyoisema ilikuwa fupi kuliko zake zote, na iliyofungwa kuliko zote. Ndani ya lugha ile mtu aliweza kusema kweli bila kupata hasara.

Kitinda alikuwa amezoea kumsitiri. Mara hii hakumsitiri.

"Anasema, programu hii aliiandika mdogo wangu. Mimi niliificha tu."

Ukumbi ulicheka. Mtu wa nyuma akasema mkalimani anajipigia debe. Meneja akamgeukia kaka mkubwa, akamuuliza kwa upole kama kweli amesema hivyo. Kaka mkubwa alijibu kwa mlango, bata na nusu ya Jumanne. Kichwa kikakubali, kikakataa, kikakubali. Watu wote wakamtazama Kitinda.

"Anasema ndiyo."

Wakacheka zaidi. Na kweli, ndiyo ndilo neno alilosema kaka yake.

Walipofika mlangoni kwao, mama alimwambia Kitinda kwamba kijicho ni ugonjwa, mwanangu, na kwamba siku moja tu ya kaka yake imemshinda kuvumilia.

Jumatatu Meneja aliwaita wafanyakazi wote karakanani, akamtaka Kitinda aombe radhi. Kitinda akaomba. Kaka mkubwa alimsikiliza mpaka mwisho, ngao ikiwa mezani kwake kando ya chupa ya gundi, kisha akajibu polepole, akimkazia macho. Alisema kwamba hata siku ile ya hafla, yeye akiwa na ngao mkononi, macho ya mama hayakubanduka kwa Kitinda.

"Amesemaje?" aliuliza Meneja.

"Anasema amenisamehe."

Meneja akaridhika, na watu wakarudi kwenye misasa yao.